Fonti tatu kwenye aya moja: namna ya kusafisha makala iliyovurugika baada ya kubandikwa

Kwenye Word makala ilikuwa nadhifu. Umeinakili, ukaibandika kwenye Blogger au WordPress, na sasa aya ya kwanza ina herufi kubwa, ya pili ndogo, ya tatu na ya nne zimeachana kwa nafasi ya kupitisha bajaji, na kwenye simu kuna mistari inayotokeza nje ya kioo. Unachagua maandishi yote na kuyawekea fonti moja. Kwa macho inaonekana imekubali. Ukichapisha, fujo ileile inarudi.

Inarudi kwa sababu hujaiondoa, umeifunika tu. Unaponakili kutoka Word, ubao wa kunakili hubeba nakala mbili za kitu kimoja: maneno matupu, na maneno hayohayo yaliyovikwa HTML, yaani alama ziitwazo tagi zinazokiambia kivinjari namna ya kuyaonyesha. Kihariri cha mtandaoni huchukua ile iliyovikwa. Sentensi "Bei ya mahindi imepanda." inaweza kuingia kwenye Blogger hivi:

`<p class="MsoNormal" style="line-height: 107%; margin-bottom: 8pt;"><span style="font-family: &quot;Calibri&quot;,sans-serif; font-size: 11pt;">Bei ya mahindi imepanda.<o:p></o:p></span></p>`

Sentensi yenyewe ina herufi 24 ukihesabu nafasi na nukta. Vazi lake lina zaidi ya 160. Pointi 11 ni kama pikseli 14.7, wakati themu nyingi huandika makala kwa pikseli 16 au zaidi, ndiyo maana aya iliyobandikwa huonekana imesinyaa kando ya ile uliyoichapa mwenyewe. Tena mtindo ulioandikwa ndani ya tagi una nguvu kuliko ule wa themu. Badilisha themu mara kumi, aya hiyo itabaki na Calibri yake. Kila unapobonyeza kitufe cha fonti ili "kurekebisha", unaongeza `span` nyingine juu ya ile ya zamani.

Angalia ndani kwanza

Kwenye Blogger, kitufe cha kwanza kushoto katika mstari wa vitufe hukuwezesha kuhama kati ya mwonekano wa kuandikia na mwonekano wa HTML. Kwenye WordPress yenye kihariri cha bloku (kilichoingia na toleo la 5.0, Desemba 2018), bonyeza Ctrl+Shift+Alt+M, au nukta tatu za juu kulia kisha Code editor.

Kabla ya kugusa chochote, nakili HTML yote na uihifadhi kwenye faili la Notepad. WordPress hutunza matoleo ya nyuma ya makala, hivyo unaweza kurudi ulikotoka. Blogger haina huduma hiyo. Ukiharibu na ukahifadhi, imekwenda.

Kisha soma unachokiona. Alama hizi zinatosha kukuambia uchafu umetoka wapi:

- `MsoNormal`, `mso-` au `o:p`: Word.
- `docs-internal-guid`: Google Docs.
- `background-color: white` na `color: black` kila mahali: tovuti nyingine au barua pepe. Hizi ndizo huleta mabaka meupe nyuma ya maneno kwenye themu nyeusi.
- `&nbsp;` nyingi zilizofuatana: mtu alisukuma maneno kwa kitufe cha nafasi.
- Nyota zilizobana maneno, `*hivi*`: WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp ukinakiliwa huja na alama zake za herufi nene na za mlazo.

Makala fupi: usijisumbue

Kama ni aya sita na viungo viwili, futa kila kitu, rudi kwenye Word, nakili upya, kisha bandika kwa Ctrl+Shift+V badala ya Ctrl+V. Hiyo huleta maneno matupu. Kwenye Mac, ukiwa ndani ya Safari, ni Option+Shift+Command+V. Kwenye Android, bonyeza mahali pa kubandika bila kuachia. Kama ulichonakili kina mapambo, menyu huwa na chaguo la pili la kubandika maandishi matupu. Utapoteza herufi nene, vichwa vidogo na viungo, kwa hiyo vitengeneze upya ndani ya kihariri. Ni kazi ya dakika tano.

Njia ya pili ni kitufe cha kuondoa mapambo, chenye picha ya herufi T iliyokatwa. Kinasaidia, ila kina mipaka ambayo wengi hawaijui. Kwenye Blogger huondoa mapambo ya maneno: fonti, ukubwa, rangi, herufi nene. Hakigusi yaliyoandikwa kwenye aya yenyewe, kama nafasi kati ya mistari na pambizo, wala hakiondoi `&nbsp;`. Ndiyo maana baada ya kukibonyeza fonti hulingana lakini aya zikaendelea kuachana vibaya.

Kwa wanaotumia bloku za WordPress, habari ni njema zaidi. Kihariri hicho huchuja sehemu kubwa ya takataka za Word na Google Docs wakati wa kubandika, na huacha vichwa, viungo na orodha. Makala zinazosumbua huko mara nyingi ni za zamani, zilizobaki kwenye bloku ya Classic. Bofya bloku hiyo, chagua kuigeuza kuwa bloku za kawaida, halafu pitia aya kwa aya.

Makala ndefu: sabuni ya kweli

Makala ya maneno 3,000 yenye viungo 20 na picha 8 huwezi kuibandika upya. Hapa unahitaji kutafuta na kubadilisha kwa ruwaza (regular expression), yaani mpangilio wa alama unaonasa maandishi mengi yanayofanana kwa mara moja. Notepad++ ni ya bure na inatosha, na VS Code nayo inafaa. Bandika HTML yote humo, bonyeza Ctrl+H, na chini ya dirisha weka alama kwenye Regular expression. Fuata mpangilio huu, maana hatua ya pili na ya nne zinategemeana:

1. Tafuta `</?o:p>` na ubadilishe kwa kutoandika chochote.
2. Tafuta ` class="Mso[^"]*"` (anza na nafasi), badilisha kwa tupu.
3. Tafuta `</?span[^>]*>`, badilisha kwa tupu.
4. Tafuta `(<p|<li|<h[1-6]) style="[^"]*"`, badilisha kwa `\1` (kwenye VS Code andika `$1`).
5. Tafuta `&nbsp;`, badilisha kwa nafasi moja ya kawaida.
6. Tafuta `<p>\s*</p>`, badilisha kwa tupu. Hii huondoa aya hewa.

Kwenye hatua ya 4 utashawishika kufupisha mambo na kufuta kila `style` iliyomo. Usifanye hivyo. Blogger huweka picha ndani ya `<div class="separator" style="clear: both; text-align: center;">`. Ukifuta mitindo yote, picha zako zote zitakimbilia kushoto. Ruwaza hiyo inagusa aya, orodha na vichwa peke yake, kwa makusudi.

Makala ikitoka Google Docs, kuna mitego miwili. Kwanza, herufi nene za huko hazitumii tagi ya `<b>`. Zinakaa ndani ya span yenye `font-weight: 700`. Hatua ya 3 itazifagia pamoja na uchafu, kwa hiyo kabla ya kuianza tafuta `font-weight: 700`, zungushia maneno husika `<b>` na `</b>`, ndipo uendelee. Pili, makala nzima huweza kuwa imefungwa ndani ya `<b style="font-weight: normal;" id="docs-internal-guid-…">`. Ndiyo, tagi ya herufi nene iliyoambiwa isiwe nene. Ukiiondolea mtindo ukaiacha tagi, makala yote inageuka nene kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Iondoe nzima, pamoja na `</b>` yake mwishoni.

Nyota za WhatsApp: tafuta `\*([^*\r\n]+)\*`, badilisha kwa `<b>\1</b>`. Kwa vistari vya chini vya mlazo usitumie njia hii kwa mkupuo. Anwani nyingi za viungo zina kistari cha chini ndani yake, na utazivunja.

Ukimaliza, nakili yote, rudisha kwenye mwonekano wa HTML wa kihariri, hifadhi.

Orodha ambazo si orodha

Nukta za orodha kutoka Word mara nyingi ni za kuchora. Ukizitazama kwa HTML utakuta `MsoListParagraph`, halafu alama `·` kwa fonti ya Symbol, halafu rundo la `&nbsp;` za pointi 7 za kuigiza pengo. Baada ya kusafisha, nukta hubaki kama herufi mwanzoni mwa aya, na mstari wa pili wa kila kipengele huanza chini ya nukta badala ya chini ya neno. Futa alama hizo kwa mkono, chagua aya zote za orodha, bonyeza kitufe cha orodha. Kama ni nyingi, tafuta `<p>·\s*(.*?)</p>`, badilisha kwa `<li>\1</li>`, kisha weka `<ul>` juu ya kundi na `</ul>` chini yake.

Majedwali nayo huja na upana wake. Jedwali la ukurasa mzima wa Word linaweza kuja na `width: 467.5pt`, ambayo ni zaidi ya pikseli 620. Simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 360 hivi kwa kipimo cha kivinjari. Futa upana wote ulioandikwa, kwenye jedwali na kwenye kila kisanduku chake, kisha lifunge ndani ya `<div style="overflow-x: auto;">` na `</div>`. Msomaji atalisogeza kwa kidole bila ukurasa mzima kuyumba.

Enter, Shift+Enter, na mashairi

Enter hufungua aya mpya. Shift+Enter huvunja mstari tu, aya ikabaki ileile. Anayebonyeza Enter mara mbili ili "kuacha nafasi" hupata aya hewa katikati, na nafasi hiyo hukua au kusinyaa kutegemea themu. Nafasi kati ya aya ni kazi ya themu. Kama hazikupendezi, zirekebishe huko mara moja kwa makala zote.

Kwa mashairi tofauti hii ndiyo kila kitu. Kila mshororo umalizikie kwa Shift+Enter, na kila ubeti kwa Enter moja. Ukibonyeza Enter kila mshororo, tarbia yako itasomeka kama orodha ya methali.

Tatizo la pili ni pengo kati ya ukwapi na utao, vipande viwili vya mshororo. Watunzi wengi huliweka kwa kubonyeza nafasi mara kumi:

`Kalamu naishikia,          nipate kuyaandika`

HTML huhesabu nafasi kumi kuwa moja. Vihariri vingine, kwa kutaka kukusaidia, huzigeuza kuwa `&nbsp;`. Kwenye kompyuta pengo linaonekana zuri, kwenye simu mshororo unakatika vipande vitatu visivyo na mpango. WordPress ina bloku ya Verse, inayotunza nafasi na mistari kama ulivyoichapa. Blogger haina kitu hicho. Koma peke yake inatosha kutenganisha vipande, na mizani nane kwa nane zitasikika bila pengo. Ukilazimisha, weka ubeti ndani ya `<div style="white-space: pre-wrap;">`, lakini usizidishe nafasi tatu.

King'ong'o na alama za kunukuu

Kiswahili kina ritifaa katikati ya maneno ya kawaida kabisa, ng'ombe, ng'ambo, ming'oko, kwa hiyo tatizo hili hutupata kuliko wanaoandika lugha nyingine nyingi. Kuna ritifaa iliyonyooka `'`, iliyopinda `’`, na zile za kuokoteza kwenye kibodi za simu, `´` na `` ` ``. Word hukunja yenyewe. Simu nyingi huacha ilivyo. Makala ikiandikwa nusu kwa simu na nusu kwa kompyuta, utakuta ng'ombe wa aina mbili kwenye zizi moja. Chagua moja na ubadilishe zote. Iliyonyooka ndiyo salama, na WordPress huikunja yenyewe wakati wa kuonyesha.

Usibadilishe kwa pupa alama za nukuu zilizo ndani ya tagi. Kinyume chake pia hutokea: mtu huandika kiungo ndani ya Word, `<a href=”https://…”>`, Word inakunja nukuu, kisha kiungo hakifanyi kazi. Ndani ya tagi kivinjari hutambua nukuu zilizonyooka tu. Msimbo wowote uandike Notepad, kamwe usiuandike Word.

Halafu kuna ng'ombe huyu: `ng’ombe`. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji wa herufi wa kawaida mtandaoni, kama baiti tatu. Programu ikizisoma kana kwamba ni Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, kila baiti hugeuka herufi yake, na unapata `’`. Ndugu yake ni `Â` inayojitokeza peke yake kati ya maneno: hiyo ni `&nbsp;` iliyosomwa vibaya. Ukiyaona kwenye makala moja, badilisha `’` kwa `'` na `Â` kwa nafasi, kazi imekwisha. Ukiyaona kwenye makala zote baada ya kuhamisha tovuti, usianze kufuta moja moja. Shida iko kwenye hifadhidata, ambayo ilihamishwa kwa usimbaji usio wake. Rudi kwenye nakala ya awali na uhamishe upya kwa utf8mb4, jina la UTF-8 kamili kwenye hifadhidata.

Kunyoosha kingo zote mbili

Magazeti ya karatasi hunyoosha maandishi kushoto na kulia, na wengi huiga. Kwenye simu, Kiswahili hakikubali. Maneno yetu hubeba sentensi nzima ndani yake: "hawakushirikishwa" ina herufi 17. Neno kama hilo likishindwa kuenea mwishoni mwa mstari, linashuka lote, na maneno matatu yaliyobaki juu yanavutwa hadi mapengo yake yanatosha kulala. Panga kushoto. Kama makala za zamani zina `text-align: justify` ndani ya aya, hatua ya 4 imeshaiondoa.

Pembeni imeporomoka chini

Safu ya pembeni ya blogu kushuka chini ya makala kunatisha kuliko kasoro zote, lakini chanzo chake ni kidogo: `</div>` moja imezidi au imepungua. Inatokea ukifuta picha kwa mkono ndani ya HTML na kuacha nusu ya fremu yake. Kwenye Notepad++ fungua Ctrl+F, andika `<div`, bonyeza Count, kisha hesabu `</div>`. Namba lazima zilingane. Zisipolingana na hujui kosa lilipo, tengeneza rasimu, weka nusu ya kwanza ya makala, itazame. Ikiwa salama, kosa liko nusu ya pili. Gawa tena. Kwa makala ya kawaida utalifikia kwa migawanyo minne au mitano.

Kwenye WordPress, ukihariri HTML ya bloku vibaya utaambiwa bloku ina maudhui yasiyotarajiwa, pamoja na kitufe cha kuiokoa. Kibonyeze, lakini soma bloku baada ya hapo: uokoaji huijenga upya kwa sura inayojulikana na kihariri, na ulichoongeza kwa mkono kinaweza kudondoka. Kama unakihitaji, geuza bloku iwe ya HTML.

Mwisho, tazama makala kwenye simu halisi. Dirisha la kompyuta lililopunguzwa halitoshi. Fungua kwa dirisha la faragha. Kama WordPress yako ina programu-jalizi ya kache, isafishe kwanza, vinginevyo utakaa saa nzima ukirekebisha kosa ulilokwisha kulirekebisha.